Hewa ya Saa Kumi na Mbili Asubuhi: Taarifa ya Kila Siku na Afya ya Watoto wa Shule Mchikichini

Dar es Salaam

Kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya Ilala, Kata ya Mchikichini huwa imekwisha kuamka. Wauza mitumba wa Soko la Karume wanafungua marobota, mama lishe wanapepea majiko ya mkaa kwa ajili ya chai na maandazi ya kwanza, maguta yanapishana na bajaji kuelekea Kariakoo, na daladala zinasogea hatua kwa hatua katika barabara za Uhuru na Kawawa huku injini zikinguruma. Katikati ya harakati hizo wanapita watoto wenye sare za bluu na nyeupe, mabegi mgongoni, wakiwahi namba. Wakifika shuleni, waliotangulia hushika fagio la chelewa na kufagia uwanja ambao, kwa shule nyingi za mjini, ni mchanga mkavu usio na nyasi. Baada ya hapo hupangwa mstari kwa ajili ya mchakamchaka, wakakimbia huku wakiimba kwa sauti kubwa, vifua vikipanuka na kusinyaa.

Kwa jicho la malezi, hiyo ni asubuhi njema ya mtoto wa Kitanzania: usafi, nidhamu na mazoezi ya mwili. Kwa jicho la mtaalamu wa hewa, ni saa ambayo mtoto huyo huvuta pumzi nyingi zaidi katika muda ambao hewa ya katikati ya jiji ni chafu zaidi. Pengo kati ya mitazamo hiyo miwili ndilo linaloufanya mjadala wa taarifa za kila siku za ubora wa hewa kuwa suala la mzazi na mwalimu, na si la maabara peke yake.

Wananchi wengi huichukulia hewa ya asubuhi kuwa safi kuliko ya saa nyingine zote. Kwa mkazi wa kijijini, mbali na barabara kuu, dhana hiyo ina ukweli wake. Kwa mkazi wa katikati ya jiji la pwani, mambo mara nyingi huwa kinyume. Usiku ardhi hupoa haraka kuliko bahari, upepo mwanana huvuma kutoka nchi kavu, na hewa yenye baridi hutulia karibu na ardhi chini ya tabaka la hewa yenye joto zaidi, mithili ya sufuria iliyofunikwa. Moshi wa magari, wa majiko na wa taka zilizochomwa usiku hubaki chini ya kifuniko hicho. Jua linapopanda, ardhi hupata joto, hewa huinuka, na upepo wa baharini huanza kuingia na kuusambaza uchafu huo. Ndiyo maana idadi ileile ya magari inayopita saa moja asubuhi huacha hewa nzito kuliko ikipita saa nane mchana. Msimu nao una nafasi yake: mvua za masika huosha hewa, ilhali miezi mikavu ya katikati ya mwaka huacha vumbi likiruka kwa kila tairi linalopita.

Kinachowashughulisha zaidi wataalamu wa afya ni chembe laini zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, maarufu kwa kifupisho cha PM2.5. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa takribani mara 30 ya chembe hiyo. Vumbi kubwa la kufagia hukwama puani na kooni, mtu akapiga chafya au akakohoa likatoka. Chembe laini hazikwami. Hupenya hadi kwenye vifuko vidogo vya mapafu na nyingine huingia katika damu. Hutokana hasa na kuungua kwa vitu: dizeli na petroli, kuni na mkaa, plastiki, matairi na takataka. Hazina rangi inayoonekana kwa macho zikiwa chache, na hewa inayoonekana angavu yaweza kuwa nazo kwa kiwango kinachodhuru. Hapo ndipo ulipo ugumu wa kuelimisha jamii juu yake: maji machafu mtu huyaona ndooni, moshi uliokwisha kusambaa haonyeshwi na mtu.

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Kwa kila kilo ya uzito wake huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima, hupumua kwa kasi, na akikimbia hupumua zaidi kwa mdomo, njia isiyo na kichujio cha pua. Kimo chake humweka karibu na bomba la moshi la gari na pikipiki. Zaidi ya yote, mapafu yake bado yanajengwa na huendelea kukua hadi ujana unapokomaa. Utafiti ulioanza mwaka 1993 kusini mwa jimbo la California, Marekani, ukawafuatilia maelfu ya wanafunzi kwa miaka mingi, ulibaini kuwa mapafu ya watoto waliokulia katika maeneo yenye hewa chafu yalikua polepole kuliko ya wenzao. Mwaka 2015 watafiti haohao walichapisha habari njema: kadiri hewa ya maeneo hayo ilivyosafishwa mwaka hadi mwaka, ndivyo mapafu ya vizazi vilivyofuata vya wanafunzi yalivyokua vizuri zaidi. Kwa maneno mengine, madhara hayo yana dawa, na dawa yenyewe ni sera.

Ukubwa wa tatizo umekwisha kuelezwa na vyombo vya kimataifa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti iliyoonesha kuwa asilimia 93 ya watoto wote duniani wenye umri chini ya miaka 15, yaani takribani watoto bilioni 1.8, huvuta hewa isiyofikia viwango vya shirika hilo, na kwamba watoto wapatao 600,000 walifariki mwaka 2016 kwa maambukizi makali ya njia ya hewa yaliyotokana na uchafuzi wa ndani na nje ya nyumba. Ripoti ya dunia kuhusu hali ya hewa tunayovuta, iliyotolewa mwaka 2024, ilikadiria vifo zaidi ya 700,000 vya watoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka 2021. Sehemu kubwa ya mzigo huo iko Afrika na Asia ya Kusini, na moshi wa majiko ya kuni na mkaa ndio unaochangia zaidi kwa watoto wadogo. Septemba 2021 WHO ilikaza viwango vyake: wastani wa mwaka wa PM2.5 ulishushwa kutoka mikrogramu 10 hadi 5 katika mita moja ya ujazo, na wastani wa saa 24 kutoka 25 hadi 15. Majiji machache sana duniani yanafikia kipimo hicho cha mwaka, yakiwemo ya nchi tajiri.

Takwimu za mamilioni zina tabia ya kumpita msomaji. Pengine shauri moja lililosikilizwa London linaeleza zaidi. Ella Kissi-Debrah, binti wa miaka tisa aliyeishi Lewisham karibu na barabara yenye msongamano mkubwa, alifariki Februari 2013 baada ya kuugua pumu kali na kulazwa hospitalini mara nyingi. Tarehe 16 Desemba 2020 mchunguzi wa vifo nchini Uingereza alihitimisha kuwa uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake. Jambo lililopata nafasi ndogo katika vichwa vya habari ni sehemu ya pili ya hitimisho hilo: kwamba mama yake hakupewa taarifa kuhusu hewa na uhusiano wake na pumu, taarifa ambazo zingemwezesha kuchukua hatua. Jiji lile lilikuwa na vituo vya kupimia hewa. Vipimo vilikuwepo, havikuifikia familia iliyovihitaji.

Funzo hilo linaigusa Tanzania kwa namna yake. Nchi haianzii sifuri kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 4, inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Mwaka 2007 zilitungwa Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa chini ya sheria hiyo, na usimamizi wake uko mikononi mwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) likishirikiana na mamlaka za serikali za mitaa. Wasomi wa nchini nao walianza mapema: mwaka 1997 watafiti Mbuligwe na Kassenga, wa kilichokuwa Chuo cha Ardhi, walichapisha utafiti kuhusu uchafuzi wa hewa utokanao na magari jijini Dar es Salaam. Wakati huo simu ya mkononi ilikuwa kitu cha wachache na bodaboda haikuwa imeingia mitaani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 mkoani humo.

Kinachobaki ni daraja kati ya kipimo na mlango wa darasa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) imekwisha kuwazoesha wananchi utabiri wa kila siku. Mvuvi wa Feri na mama wa Msimbazi Bondeni hupanga siku yao kwa kusikiliza taarifa ya upepo na mvua. Taarifa ya ubora wa hewa haijafikia mazoea hayo. Mzazi wa Mchikichini hujua asubuhi kama mvua inatarajiwa, hajui kama hewa ya saa moja inamfaa mtoto wake mwenye pumu.

Nchini Marekani upo utaratibu rahisi unaostahili kuangaliwa. Shule zinazojiunga nao hupandisha kila siku bendera ya rangi inayolingana na hali ya hewa inayovutwa: kijani ikiwa nzuri, njano ikiwa ya wastani, rangi ya chungwa ikiwa inadhuru wenye pumu, watoto na wazee, nyekundu ikiwa inadhuru kila mtu, na zambarau ikiwa mbaya sana. Mtoto wa darasa la pili asiyejua maana ya mikrogramu anaielewa rangi. Walimu nao hupata mwongozo: siku ya chungwa, mazoezi marefu ya nje hupunguzwa na mwenye pumu huhakikisha dawa yake ipo karibu, siku ya nyekundu, michezo mizito huhamishiwa ndani.

Karibu zaidi na nyumbani, Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kilianzisha mwaka 2015 mradi wa AirQo, unaotengeneza vifaa vya gharama nafuu vya kupimia hewa vinavyostahimili joto, vumbi na kukatika kwa umeme, mazingira ambayo vifaa vya bei ghali kutoka nje huwa havikuundwa kwa ajili yake. Vifaa hivyo vimefungwa Kampala na baadaye katika majiji mengine ya Afrika, na vipimo vyake huonekana kwenye simu ya mkononi. Umuhimu wa kuwa na mfumo wa wenyeji ulionekana wazi Machi 2025, Marekani iliposimamisha utangazaji wa vipimo vya hewa vilivyokuwa vikikusanywa katika balozi zake duniani. Majiji yaliyokuwa yakitegemea chanzo hicho pekee yalibaki bila macho kwa usiku mmoja.

Hata hivyo, kuichukua bendera na kuitundika Mchikichini kama ilivyo kungekuwa kosa, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ya kihesabu. Rangi ya siku hutokana na wastani wa saa 24. Katika jiji ambalo hewa huwa nzito alfajiri na usiku kisha ikasafishwa na upepo wa bahari mchana, wastani huo unaweza kusomeka njano ilhali saa moja ya mchakamchaka ilikuwa nyekundu. Mtoto havuti wastani. Aidha, mizani ya rangi hutofautiana: kwa mujibu wa viwango vya Marekani vilivyorekebishwa mwaka 2024, njano inaanzia mikrogramu 9.1 na kufikia 35.4, yaani kiwango cha juu cha njano ni zaidi ya mara mbili ya mikrogramu 15 ambazo WHO inazitaja kuwa ukomo wa siku. Taarifa itakayowafaa wanafunzi wa Dar es Salaam inapaswa kutolewa kwa saa, na bora zaidi itolewe jioni ya kuamkia siku husika, ili mwalimu wa zamu aingie shuleni akijua atafanya nini.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Ushauri wa siku ya nyekundu, kwamba watoto waingie ndani na madirisha yafungwe, umeandikwa kwa ajili ya majengo yenye viyoyozi na vichujio. Darasa la shule ya msingi ya mjini lina madirisha ya nondo au ya matofali ya matundu, wanafunzi wengi kuliko madawati yake, na joto la pwani. Kulifunga darasa hilo ni kubadilisha tatizo moja kwa jingine. Hewa ya ndani ya darasa lililo kando ya barabara haitofautiani sana na ile ya nje. Kwa hiyo swali la maana kwa Mchikichini si wapi pa kumkimbizia mtoto, bali ni yepi yaliyo ndani ya uwezo wa shule yenyewe kuyabadilisha.

Na hapo orodha si fupi. Mchakamchaka hauna ulazima wa kukimbiwa kandokando ya barabara saa kumi na mbili na nusu. Unaweza kufanyika ndani ya uwanja, upande ulio mbali na barabara, au kipindi cha michezo kikasogezwa hadi upepo wa bahari unapokuwa umeingia. Kufagia uwanja mkavu bila kunyunyiza maji ni kazi inayoliinua vumbi hadi usawa wa nyuso za wanaofagia. Ndoo mbili za maji kabla ya fagio hupunguza vumbi hilo kwa kiasi kikubwa, na walimu wa zamani wanaujua utaratibu huo vizuri. Shimo la taka lililo nyuma ya vyoo, ambamo karatasi huchomwa pamoja na mifuko, chupa za plastiki na viatu chakavu, ni chanzo cha sumu kilicho ndani ya ua wa shule, na moshi wake haufuati ratiba ya vipindi. Taka za shule zikiingizwa katika utaratibu wa ukusanyaji wa kata, chanzo hicho kinakwisha bila kusubiri kifaa chochote kutoka ng'ambo.

Jiko la shule nalo. Shule zinazotoa uji au chakula cha mchana zimekuwa zikitegemea kuni na mkaa, mara nyingi katika banda lililo hatua chache kutoka madarasani. Serikali ilikwisha kuelekeza taasisi zinazohudumia zaidi ya watu 100 kwa siku kuachana na nishati hizo, ukomo ukiwa 31 Januari 2024, na tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika matumizi ya nishati hiyo. Mara nyingi mkakati huo huelezwa kwa lugha ya misitu na ya mzigo wa kuni kichwani mwa mwanamke wa kijijini. Kwa mpishi wa shule ya mjini na watoto wanaopanga foleni mlangoni pa jiko lake, ni mkakati wa mapafu.

Nje ya geti mambo huwa magumu zaidi, kwa kuwa hapo afya ya mtoto hukutana na riziki ya mtu. Bodaboda anayemshusha mwanafunzi na kuiacha injini ikinguruma akisubiri abiria mwingine yuko kazini. Gari la shule linaloegesha ukutani mwa darasa huku dereva akisubiri kengele, injini ikiwa imewashwa kwa ajili ya kiyoyozi, linafanya kosa dogo lenye athari ya kila siku. Mama lishe anayekaanga vitumbua kwa mkaa nje ya ukuta huenda ana mtoto wake mwenyewe ndani ya ukuta huo. Kumfukuza hakumalizi moshi, kwani atapepea jiko lake mtaa wa pili. Kumwezesha kupata mtungi wa gesi, na kujaziwa gesi kwa kiasi anachomudu kama anavyonunua mkaa kwa kopo, ndiko kunakobadilisha hewa ya geti. Kuzima injini hakuhitaji ruzuku: kunahitaji kibao, mwalimu wa zamu na makubaliano ya kamati ya shule na viongozi wa kijiwe.

Upo mfano wa jijini hapa unaoonesha kuwa mazingira ya shule hubadilika yakishughulikiwa kwa umakini. Mpango wa SARSAI wa shirika la Amend ulizipima njia wanazopita wanafunzi wa shule za msingi zilizo katika hatari kubwa ya ajali Dar es Salaam, kisha ukajenga matuta, vivuko na njia za waenda kwa miguu. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya majiji ya taasisi ya WRI. Ulilenga ajali, hewa haikuwa shabaha. Lakini njia ya watoto iliyotengwa na magari, na getini pasipoegeshwa ovyo, ni hatua zilezile ambazo mtaalamu wa hewa angezipendekeza, na gharama yake hailipwi mara mbili.

Upande wa vyanzo vikubwa, uamuzi hauko shuleni. Historia inaonesha kuwa ukifanyika katika ngazi inayostahili, watoto hunufaika bila hata kujua. Nchi za Afrika Kusini mwa Sahara ziliazimia Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli yenye risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto, na mwanzoni mwa mwaka 2006 petroli hiyo ilikuwa imeondoka sokoni katika ukanda huo. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Mabasi Yaendayo Haraka yaliyoanza kutoa huduma Mei 2016, mabasi ya gesi asilia yaliyoingizwa kwa ajili ya njia ya Mbagala, na treni ya umeme ya reli ya kisasa inayoanzia Dar es Salaam tangu mwaka 2024, zote hizo ni hatua za hewa safi hata pale zinapotangazwa kama hatua za usafiri. Faida yake kwa Mchikichini itategemea kama zitapunguza idadi ya magari chakavu yanayopita kata hiyo, au zitaongezwa tu juu ya msongamano uliopo.

Zipo pia siku ambazo hakuna kipimo kinachohitajika. Usiku wa kuamkia 16 Januari 2022 Soko la Karume liliteketea kwa moto, miezi sita tu baada ya moto wa Julai 2021 katika Soko la Kariakoo. Nguo za nyuzi za plastiki, viatu, mbao na mabati ya rangi vinapoungua pamoja, moshi wake hubeba mchanganyiko wa kemikali unaodhuru kwa saa chache, na majivu yake hubaki kwa siku kadhaa yakipeperushwa. Mipango ya dharura ya masoko hutaja magari ya zimamoto, njia za kutokea na fidia za wafanyabiashara. Shule zilizo jirani na masoko hayo zinastahili mstari wao katika mipango hiyo: nani ampigie simu mwalimu mkuu, saa ngapi, na mwalimu mkuu awaambie nini wazazi kabla watoto hawajatoka nyumbani.

Kundi la kwanza la kunufaika na taarifa ya kila siku ni watoto wenye pumu. Wengi wao hukohoa usiku, hubanwa kifua wakikimbia, wakapewa dawa ya kikohozi au antibayotiki kila mwezi bila ugonjwa wenyewe kutajwa jina. Darasani huonekana wavivu wa michezo. Shule isiyo na kifaa chochote cha kupimia hewa inaweza kuanza na daftari: mwalimu wa afya akiandika majina ya wanaobanwa kifua, tarehe na saa, ndani ya muhula mmoja atakuwa na picha ambayo zahanati ya kata inaweza kuifanyia kazi. Mzazi atakayeelekezwa mapema kwenda hospitali, kwa mfano Amana au Mnazi Mmoja, na mtoto akapata dawa ya kuvuta, hatakuwa na sababu ya kuamini kuwa inhela ni dawa ya wagonjwa mahututi, imani inayowachelewesha wengi. Mtoto mwenye pumu iliyodhibitiwa anaweza kucheza mpira kama wenzake. Anachohitaji ni kujua siku gani awe mwangalifu.

Vifaa vya gharama nafuu vina udhaifu wake, na ni vema wananchi wakaujua kabla ya kuvifurahia. Unyevu mwingi wa pwani hufanya chembe zivimbe, kifaa kikasoma namba kubwa kuliko uhalisia. Kwa hiyo lazima vilinganishwe mara kwa mara na kituo rejea chenye vifaa vya uhakika. Vumbi huziba tundu la kuingizia hewa. Betri huchoka, kadi ya simu huisha salio, na kifaa kilichofungwa kwa sherehe hukaa kimya miezi mitatu pasipo mtu kugundua. Kifaa kimoja kinachotunzwa na mtu anayejulikana kwa cheo, akiwa afisa afya wa kata au mwalimu wa sayansi mwenye funguo za ofisi, kina thamani kuliko kumi visivyo na mwenyewe.

Kwa kata kama Mchikichini, kazi ya mwanzo inaweza kuwa ndogo kuliko inavyodhaniwa: kifaa kimoja upande wa barabara na kimoja upande wa Bonde la Msimbazi, vilivyounganishwa na NEMC, ujumbe mfupi wa simu kwa walimu wakuu saa kumi na mbili jioni na tena saa kumi na mbili asubuhi, na ubao wa matangazo karibu na geti, ambako mwalimu wa zamu atachora rangi ya asubuhi hiyo kwa chaki kabla kengele ya namba haijagongwa.